Kompyuta Iliyokufa kwa Mkono Wangu

Jumatatu, 9 Juni

Jana ilikuwa aibu tupu. Niko katikati ya daraja na lori la mbao kwenye mchezo wangu wa kompyuta, watazamaji saba wananifuatilia mubashara, kompyuta ikaganda. Dakika nne nzima. Lori halisogei, na kwenye kona ya skrini uso wangu umebaki mdomo wazi. Saba si wengi, najua, na wawili kati yao ni binti zangu pacha, waliokuwa chumba cha pili. Lakini wa saba ni shemeji, mdogo wake Mama Pacha. Akaandika mbele ya wote kwamba dereva amefia kazini. Yeye ana watazamaji arobaini, na kompyuta yake inawaka taa kama duka la simu.

Asubuhi nimemwomba mke wangu tununue nyingine. Nimetaja faida zake, si zangu: yeye huhariri video za masomo yake ya ushonaji kwenye kompyuta hiyohiyo. (Ana wafuasi elfu tisa. Hatulizungumzii hilo.) Akasema hii bado inafanya kazi, inataka subira tu. Ikifa, tutanunua.

Ikifa. Nimeshinda na neno hilo kazini, nikisaga lenzi za miwani ya watu.

Jumanne, 10 Juni

Imekufa.

Nilirudi nyumbani mchana, hakuna mtu. Bisibisi, skrubu nne, ubavu ukafunguka. Ndani kuna vijiti viwili vya memori. Nilifikiri kutoa kimoja, lakini kwa kimoja ingezidi uzembe tu, na mimi nilitaka maiti. Nikatoa vyote. Nikavitia kwenye kikasha cha miwani, kikasha nikakitia kwenye mkoba wa kazi. Kompyuta ikalia mara tatu, skrini ikabaki nyeusi. Kazi safi.

Jioni nikamwita Mama Pacha kwa sauti ya daktari aliyetoka chumba cha upasuaji. Akaketi kwenye kiti changu cha kuendeshea lori, akaniuliza lile somo la kola litakuwaje. Chuo cha ushonaji kinalitaka Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Wakilipenda, watamwajiri afundishe. Siku nne za kukata na kuunganisha video zimo humo ndani.

Nikasema hakuniambia. Akasema aliniambia Jumapili, nikamjibu hongera. Nilikuwa nakaribia daraja.

Hapo ndipo ningevirudisha vile vijiti. Nilishafungua mdomo. Ila akasema basi, kesho kanunue nyingine, ataanza upya kwa video zilizobaki kwenye kadi ya kamera. Nikafunga mdomo.

Jumatano, 11 Juni

Mama Pacha ameniandikia kikaratasi, kwa herufi kubwa kama mtoto anayetumwa dukani: memori nyingi, kadi ya picha inayojitegemea, diski ya kasi, feni isiyopiga kelele. Nimepitia kazini kwanza, nikakabidhi miwani ya wateja watatu, kisha dukani.

Muuzaji ni dada mmoja mwenye kalamu kwenye nywele. Akasoma kikaratasi, akanionyesha kasha jeusi, bapa, halina hata taa moja. Akasema hili ndilo, litarusha michezo na litahariri video bila kuhema. Lilifanana na boksi la viatu.

Jirani yake likasimama lingine. Ubavu wa kioo, feni sita, kila moja na rangi yake, na rangi zinakimbizana. Dada akanieleza wazi kabisa kwamba hilo ni la zamani lililovishwa nguo mpya: memori chache, kadi ya picha dhaifu. Nikamuuliza kama rangi zinaweza kukimbizana kinyume. Akasema zinaweza.

Ya shemeji ina feni nne.

Alhamisi, 12 Juni

Pacha wameipenda. Wamezima taa ya sebuleni wakacheza muziki. Baada ya hapo hakuna mwingine aliyeipenda.

Mama Pacha alifungua programu ya kuhariri. Nikaenda kunyoa ndevu. Niliporudi ilikuwa ndiyo inafunguka. Somo la kola likawa linakwenda picha moja moja, kama albamu ya harusi, kisha likajifunga lenyewe. Akajaribu mara tano. Feni zote sita zilivuma.

Shemeji akaitwa. Alishika kioo, akasoma kilichomo ndani, akanipigapiga bega. Hakucheka hata kidogo. Siku zote hucheka.

Mama Pacha akasema amempigia baba yake, atakuja kesho asubuhi kuiangalia ile ya zamani. Baba mkwe alikuwa fundi redio kabla ya kustaafu. Nikaufuata mkoba haraka nivirudishe vijiti mahali pake. Kwenye kikasha mlikuwa na miwani ya kusomea.

Nilikuwa nimempa mteja memori.

Nikafungua faili la jana. Mteja wa tatu, mwenye miwani ya kusomea: mwalimu mkuu mstaafu. Nikaenda kwake mbio, shati limelowa. Alikuwa ameviweka vijiti mezani juu ya kitambaa safi. Akasema alidhani ni vifaa vya kufutia lenzi, amejaribu, vinakwaruza. Nikampa miwani yake na samahani nyingi. Nikarudi nyumbani, Mama Pacha ameketi palepale mbele ya kasha la zamani, analifuta vumbi kwa kitambaa. Sikupata nafasi.

Ijumaa, 13 Juni

Baba mkwe amefika saa mbili asubuhi na sanduku lake la vifaa. Nikamwamkia. Akaitikia, akafungua ubavu, akamulika tochi. Akamwomba binti yake amletee chai.

Tulipobaki wawili akasema, taratibu, "Mwanangu, nimetengeneza redio miaka thelathini na minane. Nimeona zilizoingia mende. Nimeona zilizomwagiwa uji. Sijaona hata moja iliyofungasha vitu vyake ikahama."

Nikatoa kikasha mfukoni. Akavipachika vijiti, vikaitika kwa mlio mdogo. Skrini ikawaka. Mama Pacha akaingia na chai, akauliza ilikuwa nini. Baba akasema kuna kitu kilikuwa kimetoka mahali pake. Si uongo. Kisha akaninong'oneza nimwambie mwenyewe kabla hajamaliza kikombe. Mzee hunywa chai upesi.

Nikamwambia kwenye chumba cha cherehani. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kitakia.

"Kwa ajili ya lori?"

"Kwa ajili ya lori."

Akasema atakasirika baadaye, sasa hivi hana muda. Akaketi kuhariri, mimi nikaketi sakafuni nikiipepea kompyuta kwa gazeti isipate joto ikaganda. Saa tano na dakika arobaini somo likaondoka. Saa sita juu ya alama akaanza kukasirika, kama alivyoahidi, akaendelea hadi saa kumi. Alipomsimulia dada yake kwenye simu akafika kwa mwalimu mkuu na vile vijiti, akashindwa kumaliza kwa kicheko. Nimemsikia nikiwa jikoni naosha vyombo. Nimeosha hadi visivyo vichafu.

Jumamosi, 14 Juni

Chuo kimemkubali. Ataanza mwezi ujao. Pacha wamemrukia, mimi nimemrukia juu yao.

Tumeenda dukani, mimi mbebaji. Dada mwenye kalamu akakubali kubadilisha. Boksi la viatu liko nyumbani. Halina kelele, halina taa, na video zinateleza kama hariri. Mama Pacha analitumia kwanza, mimi nitapewa zamu. Nimeapa mbele ya baba mkwe kwamba sitafungua tena ubavu wa kitu chochote.

Jumatatu, 16 Juni

Kazini, Daktari wa macho ametuuliza kama kuna anayejua mambo ya mashine. Ile ya kupimia macho anaona imeanza kuzeeka. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nimemweleza kwamba wiki nzima iliyopita nilikuwa kwenye shughuli hizo, kuanzia uchunguzi hadi ununuzi. Amefurahi sana. Ila amesema hakuna haraka, maadamu bado inafanya kazi.

Nimemwambia hilo aniachie mimi.