Ubao wa Habari wa Kabiro

Jumatano, 16 Januari 2008
Tangu vurugu za uchaguzi, serikali bado imekataza matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Nafasi yangu! Nimeegemeza ubao mweusi nje ya kibanda changu cha kutengeneza redio. Habari kwa chaki: Siasa, Usalama, Bei. Mhariri mkuu: mimi, Mbithi. Wasomaji hadi jioni: mbuzi mmoja. Mutunga kinyozi, mwenye televisheni, aliuliza kama nimefungua shule ya nasari na karo ni ngapi.

Akoth, jirani anayeuza mboga, alikuja akilia. Mumewe Jeconia alikwenda soko la Toi, Kibera, Jumatatu kuangalia kibanda chao kilichochomwa. Hajarudi. Nikaandika: jina, shati la kijani, kovu kubwa kidevuni. Chini kabisa, pembeni. Habari za taifa kwanza.

Alhamisi, 17 Januari
Risasi zinasikika upande wa Kibera. Watu wanaulizia mpira! Shivachi mwashi aliniambia, “Budaa, siasa imetuchosha. Ghana inacheza lini?” Nilimhubiria kuhusu wajibu wa raia. Alinionea huruma waziwazi.

Jumapili, 20 Januari
Mbinu mpya! Kombe la Afrika juu, ratiba nzima, herufi kubwa. Nafasi haikutosha. Nikapunguza tangazo la Akoth: “Jeconia anatafutwa na mkewe.” Safi, fupi, la kitaalamu.

Umati! Mutunga amebaki akinyoa hewa. Akoth alisimama nyuma yao na kuniuliza kama kweli wanasoma. Nikamwambia, wengi sana, mama.

Jumanne, 22 Januari
Jeconia amepatikana. Mochari.

Alilazwa hospitalini wiki nzima, kichwa kimefungwa, hawezi kusema, hajulikani jina. Alikufa jana bila mtu wake.

Shivachi amekuja, amekaa kwenye ngazi yangu. Jana asubuhi alikwenda kumwona binamu yake aliyelazwa hospitali hiyo hiyo. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mtu asiyeongea, kovu kubwa kidevuni. Mstari wangu alikuwa ameusoma Jumapili. Jina halikumwambia kitu. Kama ungetaja kovu, alisema. Hakumaliza.

Sikula.

Jumatano, 23 Januari
Akoth hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Aliomba tangazo la kifo: jina lote, kijiji atakakozikwa, watoto wake wanne kwa majina, mmoja mmoja.

Nimeandika kwa mwandiko wangu bora. Majina ya watoto sikuyaandika. Leo kuna mechi mbili.