Ua Litakaloitwa Brodinia

Jumatatu, 3 Oktoba 1774. Rasi ya Tumaini Jema.
Miezi saba baharini kutoka Sweden, meno mawili yameng'oka, na leo nani kapata ua jipya? Hallencreutz, mtafiti mwenzangu wa mimea! Kainama kufunga kiatu, kaliona. Jeupe, lanukia asali, halimo katika kitabu chochote. Mimi nimepanda mlima tangu alfajiri, nikaambulia kupe. Akanipa pole mbele ya mwenye nyumba wetu, Bi Vermaak, akasema nisikate tamaa, huenda kupe naye ni mpya. Bi Vermaak alicheka hadi akapaliwa. Namchukia yule bwana.

Jumanne, 4 Oktoba.
Alipokwenda kunyolewa, nikalichomoa ua katika karatasi zake za kukaushia. Nimeandika kurasa nne za Kilatini. Maelezo yatakayomfikia kwanza Profesa Wallerstedt, anayesajili mimea mipya kule Sweden, ndiyo yatakayohesabiwa. Brodinia, kwa jina langu! Baba alisema nitakufa bila kujulikana hata na mbwa wa jirani. Tutaona!

Jumatano, 5 Oktoba.
Balaa! Nilisahau. Anayeliandika ua haliiti kwa jina lake mwenyewe. Wasomi watamzomea maisha yake yote. Lazima mwenzako akupe. Kumbe nikiiba, nakosa! Nikalirudisha mbio. Tangu hapo namwita Daktari hivi, Daktari vile. Nimemng'arishia viatu. Nimempa kipande changu cha mwisho cha jibini ya nyumbani. Nikamdokeza kwamba rafiki wa kweli humkumbuka rafikiye kwa ua.

Jumamosi, 8 Oktoba.
Amekubali! Alisema hajaona moyo kama wangu, na kwamba barua imeondoka asubuhi na meli ya Waholanzi. Nililia hadharani. Nikamuuliza, ni lile jeupe, sivyo? Akasema hata kidogo, lile kalipa jina la Bi Vermaak, kumshukuru kwa supu zake. Langu ni gugu la nyuma ya choo, linalonuka panya aliyeoza. Akaongeza kwamba siku nyingine nikirudisha ua la watu, nisiliweke kichwa chini.

Nimeumia. Miaka arobaini na moja duniani, na nitakachoacha ni uvundo. Kwa Kilatini.

Jumatatu, 31 Oktoba.
Nimepata dawa! Gugu likiisha, jina litabaki bila mwenyewe. Wiki ya tatu hii nang'oa. Mikono imevimba. Soksi zimejaa mbegu zake, zinanata kama kishona nguo. Kila jioni nazikung'uta uani. Bi Vermaak amekuja juu, anataka kujua kwa nini gugu hilo sasa limeota bustanini kwake, kando ya njia ya kisimani, na chini ya dirisha langu. Hallencreutz akamwambia aangalie nimepita wapi. Wivu tu. Nimewajibu kwamba hawajui kitu kuhusu mimea.

Kesho naanza upande wa mlimani. Huko sijaliona hata moja, lakini heri niwahi.