Maoni ya Mjane wa Bondeni

Jumatatu, 3 Juni

Bega la kulia limevimba. Bunduki mpya imenipiga teke tena. Asubuhi nzima nimelenga shabaha pale uwanja wa chama cha wawindaji, na shabaha haina hata mchubuko. Michubuko yote ninayo mimi.

Na niliinunua kwa kuamini watu! Kwenye ukurasa wa duka la bunduki, chini ya picha, pana sehemu ya Maoni ya Wamiliki. Mmoja anayejiita Mzee wa Vichaka aliandika kwamba hii ni bunduki ya kisasa hasa, komeo lake, kile chuma cha kusukumia risasi, ukilivuta linateleza kama sabuni iliyolowa. Aisifuye mvua imemnyea, nikajisemea, nikalipa. Kumbe kitako ni plastiki, ukikigusa kinalia kama ndoo. Komeo linakwama. Darubini yake ya kulengea nimeifunga mwenyewe kwa kisu cha jikoni, kikaniponyoka na kuacha mkwaruzo ubavuni mwa bunduki. Mke wangu alilalamika sana kuhusu kisu. Kuhusu bega, kimya.

Habari kubwa: baba mkwe, mwenyekiti wa chama, anastaafu. Macho yamechoka. Jumamosi, baada ya kutazama wakwe zake wawili wakilenga shabaha, atamkabidhi mmoja ufunguo wa chumba cha bunduki, na uenyekiti juu yake. Ni mimi au mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Mwenzangu huyo, baba mkwe humwita mwanangu. Mimi, miaka yote hii, bado ni bwana harusi, kana kwamba tangu siku ile sijafanya jambo jingine lolote.

Nautaka ufunguo ule. Nautaka mpaka meno yanauma.

Jumanne, 4 Juni

Mungu si Athumani! Bunduki ya mwanyumba imekufa, na anatafuta nyingine kabla ya Jumamosi. Aliniuliza nashauri ipi. Nikamwambia asome maoni ya wamiliki, hao hawana upendeleo.

Kisha nikakaa jikoni nikawa wamiliki. Nimekuwa Dereva Mstaafu, nikaisifu darubini. Nimekuwa Jicho la Tai, nikaapa kwamba haipigi teke hata kidogo. Mwisho, nikiwa nimepamba moto, nimekuwa Mjane wa Bondeni. Niliandika kwamba marehemu alikuwa na bunduki nyingi na maneno mengi, lakini hii ndiyo ya kwanza iliyonisikiliza. Niliandika kwamba bunduki njema haina haraka, nawe usiwe nayo. Nilitokwa na machozi kidogo. Sijui maneno yale yalitoka wapi.

Atanunua. Atavimba. Atakosa.

Alhamisi, 6 Juni

Amenunua. Nusu ya chama wamenunua! Chumba cha bunduki kimejaa mapacha wa bunduki yangu, na wote wananishukuru kwa kuwaelekeza kwenye yale maoni.

Mwanyumba amepiga katikati ya shabaha. Akarudia, katikati. Akasema komeo ni tamu. Kisha akaniuliza kwa upole, upole wake unanikera kuliko matusi, ni nani aliyenifungia darubini. Nikasema ni fundi mmoja wa mjini. Akasema fundi huyo afungwe yeye.

Jioni tulikuwa kwa baba mkwe. Siku hizi mke wangu ndiye anayemsomea. Alimsomea maoni yote, na mzee akamrudisha kwa Mjane wa Bondeni mara tatu. Mzee ni mgane wa muda mrefu. Akauliza bondeni ni bonde lipi. Mke wangu alinitazama kwa muda. Nikatazama dari, pana utando wa buibui pale, nimemwambia auondoe.

Lakini akili ilikuwa imeshawaka. Mzee hanisikilizi mimi. Mjane, huyo anamsikiliza! Nimerudi nyumbani nikamwandikia kwa kupitia ukurasa uleule. Mjane anasema amesikia sifa za mkwe mmoja, yule mwenye mabega mapana, asiye na majivuno. Anasema angekuwa yeye, ufunguo angempa huyo.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa. Mzee amejibu. Kuhusu mabega mapana hajasema lolote. Amemwalika Mjane aje kesho uwanjani, aone watu wakilenga, wanywe chai. Majibu hayo aliyaandika mke wangu kwa kuambiwa, na anasema baba alibadilisha neno "chai" mara nyingi kabla ya kulirudisha.

Ningefanya nini? Mjane akikataa, mzee atanuna, na mzee akinuna ananuna upande wangu. Mjane amekubali. Mzee ameenda kunyoa.

Kuhusu kulenga nina mpango. Sheria ya chama: bunduki zikilala chumbani, komeo hutolewa na kuwekwa kwenye rafu chini ya bunduki yake. Bila komeo, bunduki ni bomba tu. Kesho mzee akifungua chumba nitawahi, nitalichukua komeo la mwanyumba, nitaliingiza kwenye soksi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nitainama.

Jumamosi, 8 Juni



Niliwahi. Bunduki zile, zote sawa! Plastiki ileile, mtutu uleule, rafu nzima ni ukoo mmoja. Nilihesabu kutoka mlangoni kama nilivyokariri, nikachukua komeo, nikalitia soksini. Baridi yake ilipanda mpaka kwenye meno.

Uwanjani palikuwa na viti. Kimoja kilikuwa kimefunikwa kitambaa kilichopigwa pasi. Baba mkwe alivaa koti lake la suti na kunukia manukato. Kila gari lililopita barabarani aliuliza ni nani.

Mwanyumba alitangulia. Bunduki yake ilikuwa na komeo. Nilidhani macho yananidanganya. Akapiga katikati, akapiga tena, akaja kuketi kama mtu aliyetoka dukani kununua chumvi.

Zamu yangu. Niliinua bunduki, niliyoitoa chumbani bila kuikagua, mkono ukatafuta komeo, ukapapasa hewa. Kumbe mtu aliyehesabu kutoka mlangoni alikuwa ameanzia mlango wa nyuma, akachukua komeo lake mwenyewe, na mtu huyo ni mimi. Baba mkwe aliiomba, akachungulia ndani ya mtutu kwa lile jicho lake lililobaki na nguvu.

"Naona mbingu," alisema. "Komeo lako liko wapi, bwana harusi?"

Nikasema limeibwa. Nikasema kwa sauti, nikamtazama mwanyumba ili watu wajue pa kutazama. Nikapiga hatua moja kumwelekea, na soksi ikasalimu amri. Komeo lilidondoka kwenye sakafu ya saruji, likalia, likabingirika, likasimama mbele ya kile kiti chenye kitambaa.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mwanyumba aliinama, akaliokota, akalipangusa kwa leso yake, akanirudishia mkononi.

Ufunguo amepewa yeye. Baba mkwe aliutoa bila hotuba, huku bado anatazama barabara. Watu walipoondoka alibaki ameketi. Mke wangu alikwenda kumwambia waende nyumbani.

"Ngoja kidogo," akamjibu. "Bonde lenyewe ni mbali."

Nilisikia kitu kifuani. Nadhani ni lile teke la bunduki, limeshuka kutoka begani.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu haongei nami. Aliongea mara moja, kunieleza jambo kuhusu kuuza kitu fulani huko kwenye ukurasa wa duka. Nilikuwa nawaza fitina za mwanyumba. Nikamwambia afanye atakavyo. Amekuwa na simu yake tangu hapo.

Bunduki yangu imebaki chumbani kwa chama. Mwanyumba ameshika ufunguo na ameahidi kuitunza. Upole tena!

Jumatano, 12 Juni

Furaha! Nimejua kilichoniponza. Si mimi, ni bunduki. Nilipata mbovu.

Leo nimefungua ukurasa wa duka, na nani anajua riziki inapotokea? Kuna mtu anauza iliyotumika, aina ileile. Mmiliki ametoa maoni yake, nayo ni ya kweli, maneno kama yale hayatungwi. Anasema imekuwa na mkono mmoja tu. Anasema haijawahi kuua kitu, hata kwa bahati mbaya. Anasema ina mkwaruzo mdogo wa kisu cha jikoni ubavuni. Muuzaji anayetaja hata mkwaruzo! Mkwaruzo si kitu, hata yangu inao. Anasema inahitaji mtu mwingine, yeyote. Mnyenyekevu huyo.

Nimemwandikia kama Mjane wa Bondeni, ili anionee huruma kwenye bei. Amejibu upesi ajabu, nikiwa bado mezani, mke wangu upande wa pili na simu yake. Amegoma kupunguza. Mjane amekubali.

Nilimwambia mke wangu nimepata bunduki ya maana, asimwambie mwanyumba asije akaniwahi. Aliweka simu chini, akatoka nje, akakaa huko kwa muda mrefu. Alirudi macho mekundu. Hatimaye ameguswa na juhudi zangu.

Ile ya zamani nitaiuza. Maoni yake nitayaandika mwenyewe.