Kundi Lisilotakiwa Kucheka

Jumatatu, 4 Machi
Nimerudi chumba cha dharura cha watoto! Utafiti wangu ni mwepesi: watoto wanaoshonwa vidonda, wote wapigwe ganzi, nusu watazame katuni, nusu washonwe kama kawaida. Kisha kila mmoja aguse kwenye kadi uso unaofanana na maumivu yake, kuanzia unaocheka hadi unaolia. Kamati inakaa Ijumaa. Katuni zisipoleta tofauti, utafiti unafungwa, nami nahamishiwa ofisini jumla, kutia saini likizo za wenzangu.

Msaidizi wangu, aliyepangiwa kushona, nimempa ruhusa apumzike. Nitashona mwenyewe. Ile harufu ya spiriti! Nikajiona kijana tena, mwenye nywele.

Sista mkuu, tuliyeanza naye kazi, akauliza kama nimepotea njia ya ofisini. Nikasema nimekuja kazini. Basi nisiguse kitu, akasema.

Jumanne, 5 Machi
Binti mdogo, kapasuka juu ya jicho. Kundi la kawaida, hana katuni. Analia mpaka kwikwi. Moyo haukustahimili. Nikapuliza glavu, nikaifunga, nikaichorea macho: kuku! Vidole ndivyo kilemba. Tulikuwa tukiwatuliza hivyo enzi zile, umeme ukikatika katikati ya uzi. Binti akacheka, akagusa uso unaocheka. Nikaandika. Siku njema kabisa.

Jumatano, 6 Machi
Daktari wa Homa, jirani yangu mwenye utafiti wake, kachungulia. Akauliza humu tunashona watoto au tunaozesha mtu. Wivu! Wagonjwa wake wanalala tu.

Wa katuni nao wamemwona kuku, wamemtaka. Nikawapa. Haki ni haki.

Sista mkuu akauliza tangu lini kuku ni kawaida. Tangu zamani zetu, nikamjibu. Akachomoa glavu, akapuliza ya kwake. Shingo yake nzuri kuliko ya kwangu, kama siku zote. Tukacheka kama wanafunzi. Kwa nini niliwahi kuondoka humu?

Ijumaa, 8 Machi
Kamati. Makundi yote mawili yanacheka. Tofauti hakuna, hata ya dawa. Mwenyekiti akauliza nimewafanya nini wale wa kawaida. Nikaeleza kuku. Akavua miwani, akajifuta macho muda mrefu. Utafiti umefungwa. Jumatatu ofisini.

Mke wangu haelewi. Anasema, baba watoto, hakuna mtoto aliyelia wiki nzima, sasa wewe unalilia nini? Nikamwambia kitaalamu hilo ni janga. Akanipa kitambaa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamka na wazo! Kosa lilikuwa katuni. Utafiti mpya: je, kuku wa glavu hupunguza maumivu? Nusu wapewe, nusu wasipewe. Kamati haiwezi kukataa. Nitarudi chumbani mwangu kabla kiti cha ofisi hakijapata joto.

Safari hii hakuna mchezo. Wasiopewa kuku simwachii mtu, nitawashona mwenyewe. Maskini, itabidi angalau niwaimbie.