Majaribio Yamepita, Sidiria Zimefika

Wenzangu, leo sina uso wa kutokea nje. Niko mtaani Pipeline, nimejifungia ndani.

Asubuhi nilikuwa namalizia tovuti ya Mama Zamzam, anayeuza mitumba soko la Gikomba. Wateja wanaagiza nguo humo kwa simu, yeye anawatumia na boda. Nikaona niwe mtaalamu kidogo. Nikashusha programu ya kujaribu tovuti: unaandika amri moja kwenye skrini nyeusi, inajifanya mteja, inabonyeza kila kitu yenyewe. Maelezo yalisema utaanza haraka sana. (Kweli kabisa. Kuanza si shida.)

Ikataka jina la mteja. Wakati huo mwenye ploti ninayopanga, Mzee Mutua, shemasi wa kanisa, alikuwa kwa ngazi akigombeza aliyeanika nguo za ndani hadharani. Nikaandika "Mzee Mutua" na jina la ploti yetu. Bidhaa? Ya kwanza kwenye orodha. Sidiria.

Nikatoa amri. Nyekundu! Imefeli. Nikarudia. Nyekundu. Nikarudia tena na tena mpaka chai ikapoa. Kumbe jaribio lilikuwa linangoja neno "Asante", na tovuti yangu inaandika "Shukrani". Nikarekebisha. Kijani! Nikacheza peke yangu jikoni.

Mchana simu ikalia. Mama Zamzam.

"Mueni mwanangu, Mungu akubariki! Tovuti imeshika! Kuna mzee wa huko kwenu ameagiza sidiria mara nyingi sana, nikaona heri nimtumie robota zima."

Nikakauka. Programu nilikuwa nimeielekeza kwa tovuti halisi, ile ya wateja. Kila nyekundu ilikuwa oda.

"Mama, mrudishe huyo wa boda!"

"Si ameshafika?"

Na kweli. Sauti ikapanda kutoka getini: "Mzee Mutua! Kuja uchukue sidiria zako!"

Nilishuka ngazi kama nafukuzwa. Wapangaji walikuwa wamejaa roshani zote. Robota lilikuwa limepasuka kona, sidiria moja ya maua maua inaning'inia. Mzee amevua kofia.

"Mzee, pole, ni mimi," nikasema. "Nilikuwa najaribu tu."

Akanigeukia.

"Unajaribu sidiria kwa jina langu?"

Ploti nzima ilianguka kwa kicheko. Mtu wa boda alikaa chini kabisa.

Robota limerudi Gikomba. Mama Zamzam amecheka hadi akakohoa. Mzee hajacheka. Kwa hivyo ukija kunitembelea umkute getini, tafadhali, msalimie kwa heshima na upite. Meno ya kucheka ufungue ukifika kwangu.