Maktaba Ifungwe, Maswali Niachiwe Mimi

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Halmashauri,
pamoja na wajumbe wote mnaokaa upande wenye feni.

YAH: TOZO YA MAKTABA, NA AIBU NINAYONUNULIWA KWA PESA YANGU MWENYEWE

Mimi ni mzee wa miaka sabini na minane na bado nashika wembe bila mkono kutetemeka. Nimebaki hai baada ya wenyeviti watatu waliokalia hicho kiti chako, baada ya walimu wangu wote, na baada ya yule daktari aliyenikataza chumvi. Huyo nilikwenda kumzika, na niliporudi nyumbani nikala chakula kilichokolea. Shule niliacha darasa la tatu, si kwa kushindwa, ila mwalimu alikuwa ameishiwa. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Atakayeona makosa ajue ni ubaya wa karatasi.

Kazi yangu ni kinyozi. Duka langu linatazamana na maktaba ya umma, mlango kwa mlango, barabara katikati. Kabla hamjaijenga, ubishi wote wa mtaa huu ulikuwa unaishia kwenye kiti changu. Watu wakishindana walisema, "Basi tumuulize Mzee." Mzee ni mimi. Nilikuwa nasimamisha wembe, nafikiri kidogo, natoa jibu, na hakuna aliyepinga, kwa sababu mwenye kupinga wembe ulikuwa shingoni kwake.

Sasa nasikia Ijumaa mnakaa kikao kuamua kama tozo ya maktaba iendelee au ifutwe. Naomba kwa heshima zote ifutwe, na maktaba yenyewe ifungwe, nirudishiwe heshima yangu. Sababu nazipanga kwa namba ili msichoke.

1. Kodi ya nchi hii imezidi. Nalipia leseni, nalipia taka, nalipia taa ya barabarani inayowaka mchana na kupumzika usiku. Nchi jirani, nasikia, kinyozi halipi hata robo ya hayo, ingawa aliyeniambia hajawahi kufika huko. Juu ya mzigo wote huo mkaweka na tozo ya maktaba. Nilikwenda kuchungulia dirishani nione pesa yangu inafanya kazi gani. Nikamwona mstaafu mmoja amelaza shavu juu ya gazeti la bure, feni inampepea, mdomo wazi. Ndugu Mwenyekiti, ile ilikuwa kodi yangu inakoroma.

2. Wateja wananikimbia katikati ya kazi. Siku hizi mtu nikimpa jibu hashukuru. Anasema, "Subiri kidogo, Mzee, nakwenda kuangalia hapo ng'ambo," anainuka na kitambaa shingoni, povu shavu moja, anavuka barabara hivyo hivyo. Madereva wanapiga honi. Mimi nabaki na wembe hewani kama bwana harusi aliyekimbiwa. Halafu anakuja yule binti wa maktaba, mkutubi wao, kulalamika kwamba vitabu vyake vinajaa nywele. Ananiamkia kwanza, "Shikamoo babu," tena kwa adabu, hilo sikatai. Lakini shikamoo haipunguzi tozo.

3. Maktaba inavunja elimu iliyokuwepo. Miaka yote nimewafundisha watu wa hapa kwamba popo hutaga mayai. Ana mabawa, anaruka, mlitaka afanye nini kingine? Watu walikuwa wanalala vizuri na jibu hilo. Mwenye bucha, jirani yangu, ambaye ubishi kwake ni kazi ya pili, akavuka, akarudi na kitabu chenye picha ya popo ananyonyesha. Ananyonyesha, Ndugu Mwenyekiti! Na walionunua picha hiyo ni sisi wazee, kwa kodi, ikawekwa mahali ambapo watoto wanafika.

4 na 5 nimeziunganisha kwa sababu hasira yake ni moja. Nilisema, na marehemu baba yangu kinyozi alisema kabla yangu, kwamba nywele za maiti zinaendelea kukua. Hayo ni mambo ya kichwa, na kichwa ni ofisi yangu. Kitabu kikasema si kweli, eti ni ngozi inayosinyaa na kurudi nyuma, ndevu zikaonekana zimechomoza. Nikauliza duka zima: huyo mwandishi amenyoa wangapi? Wakacheka. Nikadhani wanamcheka yeye. Tangu siku hiyo hata mtu nikimwambia ana mba anageuka kuniangalia kama anayedai ushahidi. Yaani mnachukua pesa mfukoni mwangu, mnaninunulia fimbo, halafu mnawagawia wateja wangu wanichape kwa zamu.

6. Mke wangu. Hili nilitaka kulificha lakini ukweli lazima uwafikie. Huyu mama tumeishi naye tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi, na kila jioni alikuwa ananiuliza habari za mjini, nami namsimulia, nyingine nikizitunga palepale. Sasa ana kadi ya maktaba. Anakaa kwenye kochi na kitabu, anacheka peke yake. Namuuliza, "Mama watoto, unacheka nini?" Ananijibu, "Baba, hii ni mpaka uianze mwanzo." Halafu anarudi kwenye kitabu chake. Sijawahi kushindana na mwanamume yeyote ndani ya nyumba yangu, leo nashindana na karatasi. Habari za mjini haniulizi tena.

7. Mtaniuliza, tukifunga, watu wenye maswali waende wapi? Waje kwangu. Mimi sili umeme, sihitaji rafu, sivuji mvua ikinyesha. Kitabu kinampa kila mtu jibu lilelile bila hata kumtazama usoni. Mimi naangalia kichwa kwanza. Mwenye kichwa kikubwa nampa jibu kubwa, mwenye kichwa cha kawaida nampa la kumtosha, asije akaumia. Nitajibu umma bila malipo, saa zote za kazi, ila tozo mnifutie.

8. Jengo lenyewe msilibomoe. Ligeuzwe chumba cha kusubiria wateja wangu, maana viti vipo na feni ipo. Yule mstaafu aachwe alale, nimeshamzoea. Rafu ziuzwe kama mbao. Vitabu msivigawe kwa wananchi, mtakuwa mmesambaza ugonjwa nyumba kwa nyumba. Na mkimaliza hapo, zitazameni na shule, kwa sababu huko ndiko watu wanakofundishwa kuvisoma. Tukikata shina tutapumzika wote, na nyinyi wajumbe mtakuwa wa kwanza kufaidi, kwa kuwa hakuna atakayejua mnachokisema ni kweli au si kweli.

Nadhani nimeeleweka. Sina ugomvi na mtu, nina ugomvi na jengo. Nisalimieni wajumbe wote na familia zao, dereva wa gari la halmashauri, mlinzi wa geti ambaye kichwa chake nakijua, na hata karani wa risiti, ingawa salamu zangu hajawahi kuzijibu.

Ni mimi, mlipakodi asiyechelewa sana,
Kinyozi wa mkabala na maktaba.

NYONGEZA, BAADA YA SAHIHI

Barua nilikwisha kuikunja, lakini mchana huu limetokea jambo.

Mwenye bucha alikuwa kwenye kiti, kichwa nusu. Maneno yakaenda yakarudi, nikasema pweza ana mioyo mitatu. Niliambiwa na muuza samaki zamani, nikaitunza. Mwenye bucha akacheka mpaka kitambaa kikaanguka. "Mzee, mimi nimeuza mioyo maisha yangu yote. Mnyama ana mmoja. Mitatu aitie wapi?" Duka zima likamfuata kucheka. Mmoja akasema, "Twende ng'ambo." Mimi sikutaka. Nilishasema humo sitaingia hata mvua ya mawe ikinyesha. Lakini walinizunguka, na mtu wa umri wangu hawezi kubaki peke yake dukani kama aliyekwishashindwa.

Binti wa maktaba akaniamkia, akanipa kiti, akashusha kitabu kikubwa cha picha. Akapekua, akaweka kidole, akasoma. Mitatu. Mmoja wa mwili, miwili ya mashavu anayovutia pumzi. Nikamwambia, "Mwanangu, rudia, kuna watu mlangoni hawajasikia." Akarudia. Mwenye bucha akaomba achungulie mwenyewe, akachungulia, akanyamaza. Sijawahi kumsikia mwenye bucha amenyamaza. Ni kimya kizuri sana.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, namba moja mpaka namba nane mzichane. Maktaba isifungwe hata kidogo. Atakayeinua mkono Ijumaa kutaka ifungwe ni adui wa maendeleo, na kwangu asije kunyolewa. Tozo kama haitoshi ipandisheni, mkianzia na bucha. Kitabu kile kisiazimwe, maana najua nani atakuja kukiazima asikirudishe. Kinunuliwe kabati la kioo, kikae wazi palepale kwenye pweza, na taa juu yake. Sisemi vitabu vyote ni vya kweli. Nasema kile.

Mkidhani natia chumvi, wapo wa kuwaeleza. Yupo mshona nguo wa mlango wa pili, aliyepanda juu ya kiti ili asikie vizuri. Yupo binti wa maktaba, ambaye uongo hauwezi, na ndiyo sababu nilikuwa simpendi. Mwenye bucha atakataa, lakini mtazameni usoni wakati anakataa. Na yupo mke wangu, aliyekuwa amekaa dirishani humo humo maktabani muda wote mimi nisijue. Yeye aliinua macho, akaniangalia, akaniuliza, "Baba, umejuaje hayo?" Mkienda kumhoji, mngojeni kwanza afike mwisho wa ukurasa.