Mji Usio na Foleni

Kwa furaha isiyo kifani, Mamlaka ya Afya ya Hebblethorpe iliwatangazia wananchi kwamba neno "foleni" limefutwa. Tangu siku hiyo, kila anayesubiri upasuaji angeitwa "mshiriki wa safari ya maandalizi". Mkurugenzi, Bwana Desmond Akroyd, alitokwa na chozi alipokata utepe. Na kwa nini asilie? Zamani watu walisubiri hivi hivi tu. Sasa wangesubiri kwa hadhi.

Rowena Sugden alizisikia habari hizo redioni, akikaanga samaki ndani ya gari lake la chipsi pale sokoni. Rowena ni mwanamke ambaye wakunga walimwandika mvulana. Kosa hilo alikwisha kulirekebisha kwa jina, kwa mavazi na kwa dawa, na majirani wakamzoea upesi kwa kuwa chipsi hazikubadilika ladha. Kilichobaki ni upasuaji. Serikali ilikubali kuugharamia wakati mpwa wake yuko chekechea. Siku hizi mpwa ananyoa ndevu.

Wiki hiyo akaitwa mbele ya Jopo la Utayari.

"Kusubiri kumekuhuzunisha?" akauliza mwenyekiti.

"Sana."

"Pole. Mwenye huzuni hapasuliwi mpaka atulie."

"Basi nimeshatulia. Nina furaha tele."

"Hongera! Sasa mwenye furaha tele anataka upasuaji wa nini?"

Jopo likaafikiana kwa kauli moja kwamba mshiriki anaendelea vizuri, likaenda kunywa chai.

Mama yake, Bi Edna, aliposimuliwa aligonga meza. "Achana nao, mwanangu. Nenda kwa madaktari wa kulipia."

Hospitali ya kulipia ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na ile ya serikali. Rowena akakanyaga zulia, akapewa biskuti, na kabla hajaitafuna akaingia daktari bingwa, Daktari Gwilym.

"Mbona wewe ndiye daktari wa kule ng'ambo?"

"Ndiye mimi, dada. Kule chumba cha upasuaji kimefungwa, hakina wauguzi. Hapa hata wiki ijayo naweza."

"Na kisu ni kile kile?"

"Kile kile. Tofauti ni biskuti."

Gharama yake ilikuwa gari la chipsi lote, pamoja na magurudumu.

"Uza," alisema Bi Edna jioni. "Gari ni bati tu."

"Bati linalotulisha, mama. Nikishapona tutakula nini? Biskuti za daktari?"

"Na ukizidi kungoja? Unadhani sijui kwamba huoga umezima taa?"

Rowena alitazama mikono yake yenye makovu ya mafuta ya moto, akamwonea huruma mama yake, akajionea huruma na yeye. Asubuhi akabandika kwenye kioo cha gari: LINAUZWA.

Kabla mnunuzi hajapatikana, Waziri wa Afya akaja kuutembelea mji. Jukwaa likajengwa sokoni, kamera zikapangwa, na Bwana Akroyd akashika kipaza sauti. Mtu akishapigiwa makofi mara mbili, ya tatu huitafuta hata kwa kujichoma.

"Mheshimiwa Waziri," akanguruma, "katika mji huu hakuna hata mtu mmoja anayesubiri upasuaji. Hakuna!"

Makofi yakapigwa. Rowena akateremka garini na aproni yake yenye mafuta, akapasua umati mpaka mbele.

"Samahani, Mheshimiwa. Kama hakuna anayesubiri, basi mimi sina wa kunitangulia. Nije lini?"

"Huyu ni mshiriki wa safari ya..." Bwana Akroyd alianza.

"Dada ameuliza lini," alisema Waziri, mdomo umejaa chipsi za Rowena mwenyewe. Kamera zote zikamgeukia Mkurugenzi.

"Ju... Jumanne," akasema Bwana Akroyd.

"Na mimi?" ikaita sauti ya mzee mwenye magongo.

"Na mimi je?" akadakia mwanamume mmoja kijana aliyekuwa akingojea kuondolewa matiti, na nyuma yake sauti nyingine, na nyingine.

Mtu aliyesema mbele ya taifa kwamba hakuna anayesubiri, atamwambiaje mtu asubiri? Chumba kikafunguliwa. Wauguzi wakaajiriwa kwa fedha za Kitengo cha Majina Mapya, kile kilichofuta neno "foleni". Jumanne Daktari Gwilym akavuka barabara na kisu chake.

Rowena alipozinduka, Bi Edna alikuwa amemshika mkono.

"Unajisikiaje, mwanangu?"

"Naumwa kila mahali, mama," akasema, machozi na kicheko vikimtoka pamoja. "Naumwa vizuri."

Gari halikuuzwa. Ila habari zilikwisha kuenea Uingereza nzima kwamba upo mji ambao wagonjwa hawangoji. Watu wakafunga mizigo, wakahamia Hebblethorpe ili wawe wakazi halali. Nyumba za wageni zikajaa, vyumba vya kupanga vikagombewa. Mke wa Mkurugenzi, Bi Hilary, mwanamke mwenye jicho la biashara, akapangisha vyumba vya juu vya nyumba yao kwa wageni watatu, pamoja na kifungua kinywa. Mpishi hakuajiriwa.

Kwa hiyo kila asubuhi Bwana Akroyd hupanda ngazi na sinia, tai yake ameitupa begani isiingie kwenye maharage.

"Desmond, baba," humwambia mama mmoja kutoka Plymouth, akijiegemeza kwenye mito, "kesho yai liive kidogo zaidi."

"Sawa, mama," hujibu Mkurugenzi, akashuka kuosha vyombo.